Je, Apokewaye Mzigo Ameshindwa?



Liko neno moja tulipendalo sana, nalo ni neno la kuvumilia. Twalitumia tumsifupo marehemu kaburini, twalitumia tumwagapo bibi arusi, twalitumia tumpapo mwalimu kijana mtaa wake wa kwanza. Walakini ni mara chache twaulizana maana yake. Wengi wetu tukimwita mtu mvumilivu twataka kusema kwamba mtu huyo hakai chini, haombi msaada, wala hamwachii mwenzake kazi aliyoishika. Akiketi, twasema amechoka. Akipokewa mzigo wake, twasema ameshindwa. Basi mwezi huu twataka kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki.

Swali hili halikutujia kwa kusoma vitabu vya wenye hekima. Lilitujia kwa kijana mmoja wa usharika wetu, fundi wa pikipiki, aliyetusimulia habari za mashindano yaliyofanyika nchi ya Marekani mwaka 2009. Yalikuwa mashindano ya pikipiki za umeme, zilizokimbizwa juu ya udongo muda wa saa 24, mchana na usiku. Alipokwisha kusimulia alicheka, akasema, "Lakini Mchungaji, huo ni uvumilivu gani? Betri ikiisha wanabadili betri, mtu akichoka wanabadili mtu. Mimi naona ni kupokezana tu." Sisi hatukucheka pamoja naye, kwa maana neno lake lilitukumbusha mtu mmoja ambaye habari zake tutazieleza mbele. Tuliporudi nyumbani tukazitafuta habari za mashindano yale, nasi tukaona ya kuwa kijana ametupa swali kubwa kuliko alivyodhani.

Kwanza yatupasa kukieleza chombo chenyewe na mtu aliyekiunda. Mwaka 2006, katika jimbo la California, mhandisi mmoja jina lake Neal Saiki alianzisha kazi ya kuunda pikipiki za umeme huko Santa Cruz. Kampuni yake mwanzo iliitwa Electricross, kisha ikaitwa Zero Motorcycles. Mtu huyu alikuwa amejifunza tangu ujana wake jinsi nguvu zilivyo na kipimo. Alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Cal Poly, mjini San Luis Obispo, alikuwa pamoja na wanafunzi wenzake katika kazi ya kuunda helikopta isiyo na mtambo, iendeshwayo kwa miguu ya mtu, kama vile baiskeli. Mwezi wa Desemba mwaka 1989 chombo hicho kiliinuka. Kiliinuka kadiri ya sentimita 20, kikakaa hewani muda wa sekunde 7 na kidogo, kikashuka. Hayo ndiyo yaliyowezekana wakati ule kwa miguu miwili ya mtu mwenye afya njema, juu ya chombo kilichotengenezwa kwa akili nyingi. Ni nani angethubutu kumwambia mpandaji yule kwamba alishuka kwa sababu ya uvivu?

Miaka ilipopita, mhandisi huyo akatengeneza pikipiki ya udongo iitwayo Zero X. Ilikuwa nyepesi, uzito wake kama kilo 70, ambapo pikipiki nyingi za petroli za namna ile hupita kilo 100. Haikuwa na klachi wala gia za kubadili. Mpandaji akikizungusha kishikio cha mkono wa kuume, nguvu zote humjia mara moja, pasipo kungoja mtambo uchangamke. Lakini betri yake ya lithi ilibeba umeme upatao uniti 2 tu, za namna ile ile tununuazo kwa ajili ya taa na pasi za nyumbani. Wenye kuiunda walisema kwamba betri ikijaa yaweza kuipeleka pikipiki kama maili 40, au muda wa saa mbili, kwa mwendo wa kiasi. Kisha yahitaji karibu saa mbili nyingine ili ijazwe tena. Kwa sababu hiyo waliiunda betri iweze kutolewa upesi na nyingine kuwekwa mahali pake.

Sasa tuyatazame mashindano. Tarehe 4 na 5 Aprili mwaka 2009, pikipiki hizo zilikimbizwa katika uwanja wa udongo mjini San Jose, katika jimbo lile lile la California. Kila kundi lilikuwa na wapandaji waliopokezana. Kundi lililoshinda lilizunguka uwanja zaidi ya mara 1,000, mwendo upatao maili 500, yaani kilomita 800 hivi. Na tufanye hesabu. Ikiwa betri moja, kwa kusifiwa sana, yaenda maili 40, basi maili 500 zahitaji betri zijazwe na kumalizika si chini ya mara 12. Na kwa kuwa uwanja ule ulikuwa wa vilima na kona, wala wapandaji hawakuwa matembezini, bila shaka zilikuwa mara nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba mashindano hayo ya kuvumilia yalishindwa na chombo kilichokwisha nguvu zaidi ya mara kumi na mbili. Hapa ndipo kijana wetu alipocheka. Na hapa ndipo yatupasa sisi tufikiri.

Alidhani kwamba avumiliaye ni yule asiyeishiwa. Lakini tumtafute mtu huyo, tutamwona wapi? Pikipiki ya petroli nayo husimama kujazwa mafuta, ila kwa kuwa kujaza ni kwa dakika chache na tumeshazoea, hatusemi kwamba imeshindwa. Msafiri aendaye kwa miguu siku tatu hulala njiani na kula chakula cha watu. Akifika twamsifu kwa mwendo wake, wala hatuwahesabu waliompa mkeka na uji. Wako siku hizi waendesha bodaboda za umeme mijini Kigali na Nairobi, ambao betri ikikaribia kuisha huingia mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, huiacha iliyochoka, huchukua iliyojaa, na baada ya dakika chache wamo barabarani tena. Hakuna abiria amwambiaye dereva wa namna hiyo, "Umeshindwa." Basi kila kinachodumu hudumu kwa kujazwa. Tofauti ni hii tu, kwamba wengine hujazwa mbele ya macho ya watu, na wengine hujazwa kwa siri, kisha hujisifu kwamba hawakujazwa kamwe.

Tena liko jambo ndani ya betri hizi lililotushangaza sana. Betri ya lithi haipendi kukamuliwa hata tone la mwisho. Ikimalizwa kabisa, seli zake huharibika, na hata ikijazwa tena haibebi umeme kama ilivyobeba zamani. Kwa hiyo wahandisi huweka ndani ya vyombo hivi kifaa kidogo cha ulinzi, ambacho huona umeme umepungua kiasi fulani, nacho huufunga, ingawa bado umebaki kidogo. Mpandaji aweza kukasirika, maana ajua kwamba nguvu zimebaki naye anyimwa. Lakini hanyimwi kwa uchoyo. Ni kwa ajili ya kesho. Kile kidogo kinachobaki ndicho kinachoiwezesha betri kuwa betri tena. Watu wa kale wetu walijua jambo hili katika mambo ya shamba, maana hata mwaka wa njaa mwenye busara hakuila mbegu. Aliyeila mbegu hakufa siku ile. Alikula, akashiba, akalala vizuri. Njaa yake ilimngojea msimu uliofuata.

Mwaka ule ule wa 2009, tarehe 12 Juni, pikipiki za umeme zilikimbizwa pia katika Kisiwa cha Man, baina ya Uingereza na Ireland, si juu ya udongo bali juu ya barabara. Njia ya mashindano ya kisiwa hicho ina maili 37 na robo tatu hivi kwa mzunguko mmoja, na pikipiki za petroli katika mbio zao kubwa huizunguka mara sita. Zile za umeme ziliwekewa mzunguko mmoja tu. Aliyeshinda, jina lake Rob Barber, aliumaliza kwa muda usiofika dakika 26. Wako watakaosema kwamba mzunguko mmoja ni aibu mbele ya sita. Sisi twaona kwamba waliopanga mashindano walitenda haki: walikipima chombo, wakakiwekea kazi kwa kipimo chake, nacho katika kipimo hicho kilikwenda mbio za kustaajabisha. Kama wangaliiamuru iende mizunguko sita kwa betri ile, wangaliona pikipiki zikisukumwa kwa mikono, nao wangalisema kwamba umeme hauna nguvu. Mara ngapi sisi nasi humpa mtu mizunguko sita, kisha twasema kwamba hana nguvu?

Walakini neno lililotuchoma zaidi katika habari hizi ni neno la ukimya. Pikipiki ya petroli husema. Ikipanda kilima hunguruma; mafuta yakikaribia kwisha hukohoa na kukatakata, hata mtoto aliye uani hujua kwamba ina shida. Pikipiki ya umeme haisemi. Husikika mnyororo wake tu, na magurudumu yake yakikwaruza udongo. Hukimbia kimya ikiwa imejaa, na hukimbia kimya vile vile ikikaribia kuwa tupu. Mpandaji hawezi kuitegemea sauti. Hana budi kukitazama kipimo, au kuzihesabu duru. Na wale wanaomngojea kando ya uwanja hawana budi kuhesabu pamoja naye, maana yeye aliye mbioni aweza kusahau. Asiyehesabu ataona chombo kilichokuwa kikienda vizuri kimesimama ghafula, naye atastaajabu na kusema, "Mbona hakikuonyesha dalili?" Hakikuonyesha, kwa sababu hakikuumbwa cha kulalamika.

Hapo ndipo tulipomkumbuka mwalimu wetu. Jina lake hatutalitaja, wala mtaa wake. Alikuwa akifundisha watoto asubuhi, akiwafundisha wazee jioni, akiwatembelea wagonjwa, akizika maiti, na siku za Jumapili akisimama mbele ya watu mahali pawili, akienda kwa miguu kutoka hapa hata pale. Mwalimu wa mtaa wa jirani alipohama, nasi hatukuwa na mtu mwingine, tulimwita tukamwambia, "Utushikie mtaa huu kwa muda." Akasema, "Ndiyo, Mchungaji." Muda ule ulikuwa wa miezi mitatu kwa kusema kwetu, kwa kweli ulikuwa miaka mitatu. Kila tulipokutana naye tulimwuliza, "Hujambo, Mwalimu?" naye alijibu, "Sijambo, Mchungaji." Tukawaambia walimu vijana, "Mtazameni huyu. Huyu hanung'uniki." Ukimya wake tuliuita nguvu, tukamwongezea.

Siku moja, baada ya kuwafundisha watoto, aliketi juu ya benchi, naye hakuweza kusimama. Haikuwa homa, wala hapakuwa na jeraha. Wenzake walimchukua nyumbani, akakaa miezi mingi asiweze hata kusoma ukurasa mmoja. Tulipokwenda kumwamkia, mke wake alitupa kiti na maji ya kunywa kwa heshima kama desturi, kisha akasema neno moja tu: "Mchungaji, huyu hakuwanyima neno. Ninyi hamkumwuliza." Sisi tulitaka kujibu kwamba tulimwuliza kila tulipokutana. Lakini tulinyamaza, kwa sababu tuliona kwamba swali letu halikuwa swali. Ni nani kwetu aulizwaye "Hujambo?" akajibu "Nina jambo"? Hata mtu aliyefiwa hujibu kwanza "Sijambo," ndipo asimulie msiba wake. Salamu zetu ni nzuri, nazo zajenga upendo, lakini haziwezi kuwa kipimo. Sisi tulikisikiliza chombo kisicho na sauti, kisha tukasema, "Twaona kimya, basi ni salama."

Na liko la pili tuliloliona siku ile katika nyumba yake. Tulikuwa tukisema kwamba mtu huyu amebeba mitaa miwili peke yake. Haikuwa kweli. Shamba lake lililimwa na mke wake, mchana kutwa, mtoto akiwa mgongoni. Binti yake mkubwa alikosa shule siku za soko, maana hapakuwa na mwingine wa kwenda. Ndugu yake mdogo ndiye aliyewalipia chumvi na mafuta ya taa. Basi kumbe walikuwako wengi waliompokea, ila hawakupangwa, hawakuulizwa, wala hawakuhesabiwa. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ule tuliouona mwepesi kama usufi, kwa kuwa haukuwa juu ya kichwa chetu, ulikuwa juu ya vichwa vinne.

Sasa twaweza kumjibu fundi wetu. Alisema kwamba yale ya San Jose ni kupokezana tu. Sisi twamwambia kwamba huko kupokezana ndiko kuvumilia, ila wenzetu wale walikuwa wakweli. Waliandika mapema kwamba betri itaisha, wakaiweka nyingine tayari. Walijua kwamba mpandaji atachoka, wakamweka mwenzake kando amevaa kofia yake ya chuma, angoja zamu. Aliyelala saa mbili za usiku ili aamke apande alfajiri, naye alihesabiwa kuwa mshindani. Na aliyeketi karibu na betri akizitazama zikijazwa, naye alizikimbia maili 500 zile, ijapokuwa hakuondoka mahali pake. Hesabu ya duru ilikuwa moja, ya kundi zima. Hakuna aliyeuliza duru ya mwisho ilikuwa ya nani, ili aseme kwamba waliotangulia walishindwa.

Walakini twajua kwamba mko mlio na shaka, na shaka yenu ni ya haki. Mtasema, "Mchungaji, ukifundisha hivi, wavivu watafurahi. Kila mtu ataweka chini jembe lake saa tatu asubuhi, aseme kwamba betri yake imekwisha." Ni kweli, yuko mtu wa namna hiyo, nasi tunaye katika kila mtaa. Lakini si vigumu kumtambua. Mvivu huweka mzigo chini kabla ya kipimo chake. Mwenye kupumzika huuweka chini katika kipimo chake. Mvivu huondoka bila kumwambia mtu, na mwenzake ajapo kushika kazi hukuta chombo kitupu, kimeharibika, wala hajui kilichofanyika. Lakini mwenye kupumzika husema mapema, hukisafisha chombo, humwonyesha mwenzake mahali penye shimo na mahali penye utelezi. Na zaidi ya yote, mvivu akiondoka harudi. Mwenye kupumzika hurudi zamu yake ifikapo, asiitwe mara mbili. Basi tusimhukumu mtu kwa sababu ameketi. Tungoje tuone kama atasimama, tena tuone amemwachia nini yule aliyempokea.

Na mko mtakaosema neno la pili, lililo zito kuliko la kwanza: "Ziko saa ambazo hapana wa kukupokea. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku wa manane hawezi kungoja zamu. Mganga aliye peke yake katika zahanati, na wagonjwa wamejaa ukumbini, hawezi kusema kwamba kipimo kimefika." Hilo nasi twalikubali, wala hatutaki kulipunguza. Wako watu waliokamuliwa hata tone la mwisho kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, nao wastahili heshima yetu yote. Walakini tujihadhari tusiifanye saa ya dhiki kuwa kanuni ya kila siku. Ikiwa nyumba ya mtu yaungua, hukimbia bila kufunga mlango. Lakini hatuwafundishi watoto kwamba milango haifungwi. Tena, mtu akikamuliwa hivyo huku wenzake walio na nguvu wakimtazama, sifa ni yake, lakini aibu ni yao. Sisi tulimsifu mwalimu wetu miaka mitatu, na sifa zile, tukizitazama sasa, zilikuwa njia nyepesi ya kutokwenda kumpokea. Sifa ni rahisi kuliko msaada. Mtu aweza kumsifu mwenzake mwenye mzigo huku mikono yake mwenyewe imo mifukoni.

Yatupasa kueleza pia mwisho wa habari zake, maana bila hayo tungekuwa tumeficha nusu. Mwalimu yule alipona, ashukuriwe Mungu, lakini hakupona kama alivyokuwa. Ni kama betri ile iliyokamuliwa: yajazwa, yatumika, lakini kipimo chake kimepungua, na kile kilichopungua hakirudi. Tuliupa mtaa wa jirani mwalimu mwingine, jambo ambalo kwa kweli tungaliweza kulitenda tangu mwaka wa kwanza kama tungalitaka kusumbuka. Yeye twamwachia watoto tu, siku mbili kwa juma, nao wampenda sana. Walakini Jumapili moja, watu walipokuwa wakizungumza nje baada ya ibada, mzee mmoja alimwonyesha kwa kidevu akasema, "Yule? Kazi ilimshinda." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu asemavyo kwamba mvua imechelewa. Lakini mwalimu alisikia. Sisi tulikuwa karibu, tukauona uso wake, nasi hatukusema kitu. Yale ambayo yatupasa kumjibu mzee siku ile ndiyo tunayoyaandika hapa, tumechelewa.

Twasema hivi: kazi haikumshinda mtu yule. Yeye alizunguka duru zake, na za mwingine juu yake, kwa umeme wa mtu mmoja. Aliyeshindwa ni yule aliyekaa kando ya uwanja akiwa na betri iliyojaa mkononi, naye hakuhesabu. Na ijapokuwa watu wa nje wangeweza kutuhurumia na kusema kwamba walimu walikuwa wachache, na njia ni mbaya, na fedha haba, sisi wenyewe twajua kwamba sababu ya kwanza haikuwa mojawapo ya hizo. Sababu ya kwanza ni kwamba hatukupenda kujua. Aulizaye kwa kweli hujitia katika hatari ya kujibiwa.

Basi, ndugu, tusizidishe maneno. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nazo mbio za mtu mmoja huishia kwenye benchi. Ninyi wazee wa mitaa, ninyi walimu mlio na wasaidizi chini yenu, ninyi waume mlio na wake wasionung'unika, ninyi wana wakubwa mlio na mama mjane alimaye bado, mtafuteni mwezi huu mtu mmoja tu aliye kimya. Msimwendee yule alalamikaye, kwa maana huyo anaye wa kumsikia; mwendeeni yule ambaye siku zote mwamtolea mfano. Msimwulize "Hujambo?" kisha mkapita, maana jibu lake mwalijua tangu utoto. Ketini naye. Zihesabuni duru zake pamoja naye: aamka saa ngapi, alala saa ngapi, ni nani alimaye shamba lake, ni mtoto gani akosaye shule kwa ajili yake. Kisha mwulizeni swali hili, nanyi mmekwisha kunyosha mikono: "Katika hii mizigo yako, nikupokee upi?"

Kama atakataa, ulizeni tena juma lijalo. Na kama atakubali, akaketi kivulini akafumba macho, na mtu apitaye akasema kwamba fulani ameshindwa, basi msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwambieni mtu yule, "Hakushindwa. Zamu hii ni yangu."